Kazi Isiyo na Uso

Nilirudi Rwanda nikiwa mtu mzima. "Kurudi" ni neno la wazazi wangu, kwa maana mimi nilizaliwa Bukoba, nikasoma Mwanza, na Kinyarwanda changu kilitosha kuombea chumvi mezani, basi. Nilipopata kazi Kigali, katika kampuni ndogo ya programu za kompyuta iliyopanga ghorofani karibu na makutano ya Sonatubes, siku za mwanzo nilikuwa kama bubu. Wenzangu walizungumza Kinyarwanda, wakahamia Kiingereza mkuu wetu alipoingia, kwa sababu yeye alikulia Uganda. Mimi nilitabasamu tu. Kelele za pikipiki kule chini kwenye makutano zilinifaa, maana zilinipa kisingizio cha kutosikia.

Aliyenitoa kwenye ububu huo alikuwa mwanamke wa rika langu aliyekaa meza ya dirishani. Alivaa ushungi, na alikuwa na tabia ya kuongea na mtu bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada," aliniambia kwa Kiswahili, "wewe unatabasamu sana. Wanachosema hata hukijui, ee?"

Nilicheka kwa sauti, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Nyakabanda, binti wa fundi cherehani, wa ukoo ulioingia nchini zamani na biashara za pwani. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na baba. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, kimejaa "iko" kila upande. Alipogundua kwamba "mimi iko na njaa" inanifanya nikunje uso, akawa anaisema kwa makusudi kila saa sita mchana.

"Mtanzania, mimi iko na njaa."

"Sema nina njaa."

"Njaa ni ileile. Twende."

Kazi yetu ilikuwa programu ya kati. Nikisema hivyo watu hunyamaza kwa adabu, kwa hiyo nieleze. Zahanati moja ina kompyuta zake na programu yake. Maabara kubwa ya upande wa pili wa mji ina programu nyingine, iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Zahanati ya tatu inatumia programu ya zamani ya Kifaransa ambayo mwandishi wake amehamia Ulaya na hajibu barua pepe. Ndani ya kila programu, taarifa zimefungwa katika mafungu ambayo sisi mafundi tunayaita vitu. Mgonjwa ni kitu, kipimo cha damu ni kitu, na kila kitu kinajua kufanya mambo yake: kutaja umri, kupokea jibu, kukataa kusomwa na asiyehusika. Vitu hivyo vimetawanyika katika mashine zisizojuana. Programu ya kati hukaa baina yao. Muuguzi wa mtaa wa Kimisagara akibonyeza jina la mgonjwa, anachokiita kiko maabara, ng'ambo ya mabonde mawili, lakini yeye hukiona kana kwamba kiko mezani pake. Hajui kimepita wapi. Hana haja ya kujua.

Mkuu wetu alitaka njia moja tu: zahanati iulize, isubiri, ijibiwe. Rahisi, na tungemaliza upesi. Rafiki yangu alikataa mbele ya kila mtu.

"Kimisagara mvua ikinyesha mtandao unakatika," alisema. "Muuguzi aulize, halafu akae pale mdomo wazi? Kila zahanati ichague namna yake. Yenye mtandao mzuri isubiri jibu, yenye mtandao mbovu iache ujumbe, jibu litaifuata. Na kila kipande cha programu yetu kiweze kubadilishwa bila kuzima."

"Sawa, hilo naliona," mkuu alisema. "Lakini hili la kubadilisha vipande huku mfumo unatembea, hilo la nini? Mteja anataka kuona kitu kinafanya kazi."

"Maabara itabadilisha programu yake siku moja, na haitatuomba ruhusa. Siku hiyo tutazima zahanati zote?"

Rafiki yangu kwa hamaki alikuwa amehamia Kinyarwanda, mkuu akielewa ila akijibu kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa naokota nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Mwisho mkuu aliinua mikono. Alimpenda, nadhani, kama mtu anavyompenda mdogo wake mbishi. Akasema tufanye vyote viwili, mradi tusichelewe.

Tukagawana. Mimi nilichukua njia za ujumbe. Yeye alichukua sehemu ngumu, ile inayovijua vipande vingine vyote na namna vilivyounganishwa, ili kimoja kiweze kung'olewa na kingine kuwekwa mahali pake bila mtu kushtuka. Kwa maneno si jambo kubwa. Unazuia maombi mapya, unayaacha yaliyokwisha kuingia yamalizike, unakabidhi kumbukumbu kwa kipande kipya, kisha unafungua. Tatizo ni kwamba katika majaribio vipande vilikuwa vinagandana. Kila kimoja kilisubiri kingine kimalize, na hakuna kilichomaliza. Alilifukuza tatizo hilo majuma mengi. Alikuwa analichora kwa kalamu nyuma ya karatasi zilizotumika, mishale kila upande, kisha anaikunja karatasi na kuifanya tegemeo la kikombe cha chai.

Ramadhani ya mwaka ule alianza kupumzika katikati ya ngazi. Nikadhani ni funga. Naye alidhani hivyo hivyo. Baada ya Idi bado alikuwa anapumzika, na mikononi alikuwa na madoa ya bluu kama mtu aliyejigonga.

"Umeanguka?"

"Nitakuwa nimegonga mahali. Sikumbuki."

Siku aliyotema damu wakati wa kusukutua mdomo, nilimshika mkono tukaenda zahanati ya karibu na kwao, Nyakabanda. Ilikuwa mojawapo ya zile tulizoziunganisha mwanzo kabisa. Muuguzi alimtoa damu, ikaenda maabara kwa pikipiki. Kesho yake mchana tukaitwa.

Nakumbuka chumba kile kilivyokuwa kidogo. Muuguzi alifungua kompyuta, akasoma, akarudia kusoma. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulibaki umeshika kipanya bila kukisogeza.

"Majibu yamekuja," alisema. "Ngojeni nimwite daktari."

Alipotoka, rafiki yangu hakuinuka kuchungulia kioo, ingawa kilikuwa karibu. Alitazama waya zilizokuwa nyuma ya kompyuta.

"Yametoka asubuhi, mchana yamefika," aliniambia taratibu. "Hayakupotea njiani."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa fahari au hofu. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Daktari aliingia, akafunga mlango, akaanza na maneno "hatuwezi kusema kwa uhakika mpaka hospitali wathibitishe", na hospitali ikathibitisha. Ilikuwa saratani ya damu.

Miezi iliyofuata nilijifunza njia za hospitali kuliko njia za mtaa wangu. Shangazi yake alilala naye wodini, baba yake alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka la ushonaji, na mimi nilikwenda saa za kutazama wagonjwa mchana. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshonea kofia laini za pamba za kuvaa ndani ya ushungi, kwa sababu nywele zilipokatika kitambaa kilimkwaruza. Kila kofia ilikuwa na mshono wa nje, ili ndani pasiwe na kitu cha kumgusa.

Yeye hakupenda kuulizwa anajisikiaje. Nikiingia alikuwa anauliza, "Umekuja nayo?" Maana yake kompyuta.

Siku moja nilimkuta ameegemea mito, midomo imekauka, lakini macho yake yana ule ukali wa ofisini.

"Kaa," alisema. "Andika. Nimejua kwa nini vinagandana."

"Pumzika kwanza."

"Nitapumzika ukishaandika. Sikiliza. Tukitaka kubadilisha kipande, tunazuia maombi yote mapya. Hapo ndipo tunakosea. Kuna ombi jipya kweli, na kuna ombi lililozaliwa na ombi la zamani. Mama ameingia ndani, amemtuma mtoto nje kuleta kitu. Mtoto akirudi, sisi tumefunga mlango. Mama hawezi kumaliza bila mtoto, na sisi hatuwezi kubadilisha mpaka mama amalize. Basi mtoto wa aliye ndani tumwache apite, hata kama mlango umefungwa. Mgeni asubiri."

"Tutamjuaje mtoto?"

"Kila ombi libebe alama ya lililolizaa. Andika, Mtanzania, kabla sijalala."

Niliandika nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, kompyuta mapajani, yeye akinielekeza kwa sauti iliyokuwa inapungua. Alinisahihisha mara nyingi. Shangazi alikuwa anakanda miguu yake kwa mafuta na kunitazama kwa jicho la kutaka niondoke. Tulipomaliza nilijaribu hapo hapo, na vipande viwili vilivyotusumbua muda wote ule vikaachiana kama watu waliochoka kugombana.

"Imepita?"

"Imepita."

Akafumba macho. "Sasa unaweza kuniuliza najisikiaje," alisema, na kabla sijauliza alikuwa amelala.

Hakuiona ikitumika. Shangazi alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nachemsha maziwa. Nilisikia pumzi yake tu, nikazima jiko.

Walimzika siku ileile baada ya adhuhuri. Nilifika Nyakabanda nikiwa na gauni la kazini na kitambaa kichwani nilichoazima kwa jirani. Mimi ni Mkristo, sikujua nikae wapi wala niseme nini, lakini mwanamke mmoja alisogea kwenye mkeka akanionyesha mahali pa kukaa. Wanawake tulibaki nyumbani. Nilisikia wanaume wakimtoa, sauti zao zikipungua kadiri walivyoteremka, halafu nikatambua kwamba hata cherehani za jirani zilikuwa zimesimamishwa. Kila aliyeingia alisema "mwihangane", pole yao ya msiba, na kila mara niliitikia, ingawa sikujua kama na mimi nilihesabiwa katika waliofiwa. Mkuu wetu alikuja. Alivua viatu akabaki amesimama uani na soksi zake, kwenye udongo mbichi, analia bila kujificha.

Msimu wa mvua ulipoanza, maabara ikatutumia taarifa kwamba inahamia programu mpya, na kwamba ya zamani itafungwa wiki hiyohiyo. Haikutuomba ruhusa, kama alivyosema.

"Tunazima saa ngapi?" mkuu aliniuliza. "Niwaandikie wenye zahanati."

"Hatuzimi."

Nilifanya asubuhi, zahanati zikiwa zimejaa, kwa sababu ndivyo yeye alivyotaka ijaribiwe, wakati wa watu, si wakati wa utupu. Nilikitayarisha kipande kipya kinachoelewa lugha mpya ya maabara. Nikatoa amri. Kwenye kioo maombi mapya yakasimama. Ya zamani yakaendelea, na watoto wao wakapita mlango uliofungwa, mmoja mmoja, mpaka ndani pakatulia. Kumbukumbu zikahama. Mlango ukafunguliwa. Muuguzi yeyote aliyekuwa akisubiri jibu wakati ule, kama alihisi kitu, alihisi kwamba kompyuta imekuwa nzito kidogo kama zinavyokuwaga.

Hakuna simu iliyopigwa. Katika kazi yetu, simu zikilia ujue umeharibu, na usipoharibu hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu, kisha akaenda kusimama kwenye meza ya dirishani, akatazama makutano. Mimi nilitaka kumwambia mtu kwamba imekubali. Nilitaka kumwambia kwa Kiswahili. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba la maji, nikalia hadi nikachoka.

Baada ya arobaini kupita, baba yake alikuja ofisini. Nilimsikia akipanda ngazi pole pole. Alivaa koti alilolishona mwenyewe, limepigwa pasi vizuri, na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Nilisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huku watu hawasemi hiyo. Wewe umeileta toka Tanzania."

Nilimpa kiti. Hakukaa kwenye kile cha dirishani, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia kilikuwa cha nani.

"Watu wananiuliza," alisema. "Binti yako alikuwa anatengeneza nini? Mimi nasema, kompyuta. Wanasema, alikuwa anauza? Nasema hapana. Nikishona koti, mtu analivaa, unaliona njiani. Sasa mimi nimekuja kuiona kazi yake. Iko wapi?"

Nilifungua sehemu aliyoiandika. Mistari ilijaa kioo. Alisogeza uso, akasoma, maana alijua kusoma, halafu akarudi nyuma.

"Hii ni maandishi."

"Ndiyo, baba. Ndiyo yanayofanya kazi."

"Yanafanya nini? Nataka kuona inafanya."

Nikaomba ruhusa kwa mkuu, tukashuka, tukachukua pikipiki mbili mpaka Kimisagara. Muuguzi wa zahanati ya pale alinijua. Hatukuweza kumwonyesha taarifa za mgonjwa wa kweli, kwa hiyo nilimwomba afungue yule mgonjwa wa uongo tuliyemweka kwa majaribio. Akabonyeza. Kipimo kikatokea, kimetoka maabara, ng'ambo ya mji.

Mzee aliinama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Hii sura ametengeneza yeye?"

"Hapana, baba. Hiyo ni ya watu wa zahanati."

"Na hizi namba?"

"Hizo ni za maabara."

"Sasa yeye iko wapi?"

"Yuko katikati," nilisema. "Anazileta." Nilisikia mwenyewe kwamba nimesema "yuko", kana kwamba yu hai, na yeye alisikia pia, maana aliniangalia.

"Mimi sioni."

"Haionekani, baba."

"Nisipoiona nitawaambia nini watu?"

Muuguzi, kwa wema, akaingilia. "Mzee, zamani tulikuwa tunangoja majibu mpaka mugonjwa anachoka, anarudi nyumbani, anapotea. Sasa zinakuja zenyewe."

"Zenyewe," mzee alirudia.

Neno lile lilinichoma. "Haziji zenyewe," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kuna mtu alizifanya zije. Binti yake huyu mzee. Amefariki."

Muuguzi aliinuka kwenye kiti. "Ihangane, muzee," alisema, akampa mkono, na kwa mkono wake wa kushoto akashika wa kulia kwa heshima. "Mimi sikujua kuna mtu." Nje, kwenye benchi, wagonjwa walikuwa wanakohoa. Tukaaga.

Nilitaka kuita pikipiki lakini mzee alisema atatembea mpaka nyumbani, nami nikasema nitamsindikiza. Kutoka Kimisagara kwenda Nyakabanda ni kupanda. Tulipita mafundi wa milango ya chuma na wauza nguo. Nilijiona nimeshindwa. Alinipa kazi moja tu, nimwonyeshe mtoto wake, nami nikamwonyesha kompyuta ya watu wengine.

Mahali fulani mwinuko ulipozidi, alisimama kuvuta pumzi, akashika ukuta.

"Mchana alikuwa anakula nini?" aliniuliza.

Sikuelewa mara moja. "Ofisini?"

"Ee. Mchana."

"Wali na maharage, baba. Na pilipili."

"Pilipili?" Alinigeukia. "Nyumbani alikuwa anakataa pilipili. Toka mtoto."

"Ofisini alikuwa anakula. Nyingi, mpaka machozi yanatoka."

Akacheka kicheko kifupi. Tukapanda tena kidogo.

"Na mimi, alikuwa anasemaje juu yangu?"

"Alisema ulikuwa humruhusu mtu kupiga pasi sare yake ya shule. Hata yeye mwenyewe. Alisema alikwenda chuo kikuu hajui kushika pasi, na wenzake walimcheka."

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa naogopa ataichoma nguo." Baadaye kidogo akasema, "Nilikuwa naogopa ataungua." Alijifuta macho kwa ukingo wa mkono wa koti.

Adhana ya alasiri ilianza, kwanza msikiti mmoja, kisha mwingine juu yake. Aliniambia nimngoje kidogo. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya msikiti, watu wakipita na viatu mkononi. Alipotoka uso ulikuwa bado na maji ya udhu. Alidhani ningekuwa nimeondoka, nikaona hilo machoni pake.

"Na chai," alisema, "alikuwa anaweka sukari?"

"Hapana. Alisema sukari inaharibu tangawizi."

"Ah," alisema. "Hiyo ni ya mama yake."

Tukaendelea kupanda, yeye akiuliza, mimi nikijibu.